Je, Wajua? Amri Inayosubiri Zamu

Je, wajua kuwa fundi aliye Dar es Salaam anaweza kuipa kazi kompyuta iliyo Matombo, mashariki mwa milima ya Uluguru, hata ikiwa imezimwa? Amri hukaa kwenye foleni ya seva. Kompyuta ikiwaka, huifuata yenyewe. Jambo hili si la juzi: UUCP, mfumo wa kompyuta kuwasiliana kwa simu uliobuniwa katika maabara ya Bell Labs miaka ya 1970, ulihifadhi amri hadi laini ya simu ipatikane.

Penye umeme na mtandao wa kusuasua, foleni ni bora kuliko kuamuru moja kwa moja. Mawasiliano yakikatika katikati, fundi hajui kama amri imetekelezwa. Akiirudia, na kompyuta ikiwa, kwa mfano, ya zahanati, dawa ileile huenda ikapunguzwa mara mbili kwenye hesabu za stoo. Katika foleni iliyopangwa vizuri kila kazi ina namba yake, haifutwi mpaka jibu lirudi, na iliyokwisha kufanyika hukataliwa ikija tena. Wapo watakaosema foleni inachelewesha. Ni kweli, lakini kuchelewa huko kunaonekana na kupimika, na la dharura huruka mbele. Amri iliyopitwa na wakati (nani anataka kompyuta izimwe leo kwa agizo la juzi?) huwekewa muda wa kuisha. Hoja nzito zaidi ni usalama, kwani anayeiteka foleni huziamuru kompyuta zote kwa mpigo. Hapo hakuna njia ya mkato: kila amri itiwe saini ya kidijitali, na kompyuta iikague kabla ya kutii.