Kwa Nini Banda Jepesi Huinuliwa na Udongo

Nyuma ya nyumba nyingi za Kitengela, Syokimau na Embakasi, pembezoni mwa Nairobi, ufa ndio hutangulia kutoa habari. Huanzia kona ya juu ya mlango wa stoo na kupanda kwa mshazari hadi kwenye paa. Masika yakifika, mlango unagoma kufungwa. Kiangazi kikirudi, unafungika wenyewe bila kuguswa na fundi.

Mwenye stoo humlaumu fundi, au saruji. Mara nyingi kisa kiko chini zaidi, katika udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao Tanzania hujulikana kama udongo wa mbuga. Ndani yake mna madini yaitwayo montimoriloniti, yaliyojipanga katika matabaka membamba mno kama kurasa za kitabu. Mvua ikinyesha, maji hujipenyeza kati ya kurasa hizo na kuzitanua. Jua likiwaka maji hutoka, udongo unasinyaa na ardhi inapasuka mianya inayoweza kumeza mkono.

Wengi hudhani banda dogo halihitaji msingi wa maana kwa sababu ni jepesi. Kwenye udongo huu hesabu inageuka. Chukua jamvi la zege la mita 2 kwa 3, unene wa sentimita 10: lina uzito wa karibu tani moja na nusu. Panga juu yake magunia 20 ya mahindi ya kilo 100, ongeza mbao na mabati. Bado kila mita ya mraba ya ardhi inabeba chini ya tani moja. Mfinyanzi mkali unapovimba huweza kusukuma juu kwa nguvu inayozidi tani 10 kwa mita ya mraba. Nyumba ya ghorofa hushindana na msukumo huo kwa uzito wake. Banda huinuliwa tu.

Lingeinuliwa lote kwa pamoja, hasara ingekuwa ndogo. Lakini udongo ulio katikati ya jamvi umefunikwa, unyevu wake haubadiliki sana, ilhali wa pembeni hulowa na kukauka kila msimu. Kingo zinapanda na kushuka, katikati pametulia, na ukuta unapasuka.

Udongo unaweza kupimwa kabla ya kununua mfuko hata mmoja wa saruji. Maabara hutumia kipimo rahisi: udongo uliokaushwa, ukasagwa na kuchekechwa, hutiwa sentimita 10 za ujazo katika chombo cha maji chenye alama, ukaachwa saa 24. Ukivimba chini ya nusu ya ujazo wake wa mwanzo, hatari ni ndogo. Ukifika sentimita 15 za ujazo au kupita, chukua tahadhari. Nyumbani, chupa ya kioo iliyochorwa mistari kwa kalamu hutoa picha ya awali.

Jibu la chupa ndilo linaloelekeza msingi. Udongo mwekundu wa Kiambu una madini ya kaolini, ambayo matabaka yake yameshikana na hayafunguki kwa maji. Hapo jamvi la zege linatosha. Mchanga wa Dar es Salaam nao hauvimbi, ila sharti ushindiliwe vizuri na ukingwe dhidi ya maji ya paa yanayouchimba. Jamvi hutandikwa juu ya mawe yaliyoshindiliwa na nailoni ya kuzuia unyevu, kwa zege la saruji 1, mchanga 2 na kokoto 4. Limwagiliwe maji kwa siku 7 angalau, kwani zege hupata nguvu kwa unyevu, na nguvu hiyo hupimwa rasmi siku ya 28.

Mfinyanzi mweusi ukiwa na kina kifupi, uchimbwe wote hadi moramu (udongo wa changarawe) au mwamba, kisha shimo lijazwe moramu iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Ukiwa na kina kirefu, gharama hiyo haifai kwa stoo. Afadhali banda la mbao juu ya vitalu vya zege: kona moja ikipanda, fundi huweka pima maji, huinua boriti kwa jeki na kurekebisha kipande kilicho chini yake. Vihenge vya jadi vilivyoinuliwa juu ya mawe au miguu ya miti vilikuwa na faida hiyo hiyo, pamoja na kuepusha nafaka na unyevu na kurahisisha kumwona mchwa anapopanda.

Msingi wowote utashindwa ikiwa maji ya paa yanamwagika ukutani. Weka mfereji wa bati, yapeleke maji mbali, sawazisha ardhi iteremke kutoka kwenye banda, na usipande mkaratusi karibu, maana mizizi yake hukausha udongo upande mmoja.

Kwa hiyo, unayepanga kujenga stoo mwaka huu, chimba kwanza shimo la mita moja pale banda litakaposimama. Tazama rangi ya udongo hadi chini, jaza chupa yako, na umwonyeshe fundi matokeo kabla hamjapatana bei.