Somo la Redio kwa Watu Wazima: Kumlea Mtoto wa Mbwa

Kaeni vizuri, wekeni daftari na kalamu tayari. Somo letu la leo ni juu ya mtoto wa mbwa.

Najua mmoja wenu atacheka na kusema, "Mwalimu, hata mbwa ana somo? Mbwa hujilea mwenyewe." Naam, wengi tumezoea kusema hivyo. Mtu huibiwa kuku wake usiku. Asubuhi huenda kwa jirani, hupewa mtoto wa mbwa, humtia katika mfuko, humleta nyumbani na kumfunga kamba penye mti. Baada ya juma moja yule mtoto amekufa. Au akiishi, baada ya mwaka amekuwa mbwa wa kuuma watoto waendao shule. Hapo twasema, "Mbwa huyu ni mbaya tangu asili yake." La, sivyo. Miezi minne ya kwanza ndiyo imfanyayo mbwa awe jinsi alivyo, na miezi hiyo imo mikononi mwako wewe.

Tuanze na umri. Mbwa jike huchukua mimba kwa siku zipatazo 63. Watoto wake huzaliwa hawaoni wala hawasikii, na macho hufunguka baada ya siku 10 hadi 14. Wakitimiza majuma matatu au manne huanza kuonja chakula kilaini, lakini bado wanyonya. Usimtoe mtoto kwa mama yake kabla hajatimiza majuma manane. Sababu ya kwanza ni maziwa, hiyo kila mtu aijua. Sababu ya pili wengi hawaijui. Watoto wa mbwa wanapocheza pamoja huumana. Mmoja akiuma sana, mwenziwe hulia na kuacha mchezo. Basi yule mwumaji ajifunza kwamba meno yana mpaka wake. Mtoto aliyetolewa mapema hakulipata somo hilo, na atakuja kulitafuta katika mikono ya watoto wako.

Kabla hujamchukua, mtazame vizuri. Macho yawe safi, pua isitoe makamasi, mkia usiwe na uchafu wa kuhara. Tumbo kubwa lililojaa kama ngoma, na mbavu zaonekana, si shibe, ni minyoo. Tena mtazame mama yake. Mama mtulivu mara nyingi huzaa watoto watulivu, na watoto hujifunza woga na hasira kwake.

Sasa umemleta nyumbani. Usiku wa kwanza atalia. Atalia usiku wa pili, na wa tatu pia. Nanyi mnajua Ufipa ni nchi ya juu. Mji wa Sumbawanga u yapata mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa Juni na Julai haina mchezo. Mtoto huyu alizoea kulala katikati ya ndugu zake, wakipashana joto. Leo yuko peke yake. Halii kwa ukaidi, na ukimpiga atalia zaidi. Mtafutie sanduku la mbao au kikapu kipana, ulitandike gunia kavu na majani makavu, uliweke mahali pasipopita upepo. Ukiweza, omba kwa mwenye mama mbwa kipande cha nguo kikuukuu kilicholaliwa na mama; harufu yake itamtuliza. Tia maji ya moto katika chupa, uifunge vizuri, uizungushie kitambaa kizito, uiweke karibu naye. Kwa kawaida baada ya siku chache kilio hupungua, ninyi nanyi mtapata usingizi.

Chakula chake si kazi ngumu. Mtoto wa miezi miwili ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo. Akifika miezi minne mara tatu zatosha. Akiwa mkubwa, mara mbili. Uji mzito au ugali laini wafaa, lakini unga mtupu haujengi mwili. Mchanganyie dagaa waliosagwa, wale waletwao kutoka Ziwa Tanganyika, au maharage yaliyopikwa yakaiva sana, au yai. Maji safi yawepo mchana kutwa. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo. Usimpe vitunguu, ambavyo huharibu damu ya mbwa. Na msimu wa mavuno angalia magunzi ya mahindi! Mbwa hulimeza gunzi kwa sababu lina ladha, kisha hukwama tumboni likamwua.

Jambo moja nalisisitiza, nalo ni mahindi yenye ukungu. Watu wengi huyatenga wakasema, "Haya ni ya mbwa." Ukungu ule waweza kuwa na sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa naye humharibu ini na kumwua. Kisichofaa kwako, hakimfai yeye.

Kuhusu usafi wa nyumba, mtoto wa mbwa hawezi kuzuia mkojo kwa muda mrefu. Mtoe nje kila aamkapo, kila amalizapo kula, na kila amalizapo kucheza. Mpeleke mahali pale pale. Akijisaidia, msifu kwa sauti nzuri, au mpe dagaa mmoja. Akikojoa ndani, panguse tu. Wako watu wanaomshika shingo na kumsugua pua katika mkojo. Mimi nasema hilo ni jambo la bure. Mbwa hawezi kuunganisha adhabu ya sasa na kosa la robo saa iliyopita. Ajifunza kitu kimoja tu, kukuogopa wewe.

Meno yake ya kwanza ni makali kama sindano, na kati ya mwezi wa nne na wa sita huyabadili. Wakati huo atatafuna viatu, mkeka, hata daftari lako la kusomea. Mpe kamba nene iliyofungwa mafundo au kipande cha ngozi ngumu. Akikuuma mkono katika mchezo, lia "Ai!" kisha mwache, ugeuke, usimtazame. Ndilo somo lile lile la ndugu zake. Waambie na watoto wako wasimvute mkia, wala wasimguse akiwa anakula au amelala.

Labda utauliza, "Lakini mwalimu, mimi nataka mbwa mkali wa kulinda. Je, nikimfanya mpole hivi, mwizi hatakuja?" Swali zuri. Wako wanaomlisha mtoto wa mbwa pilipili, au kumfunga giza mchana kutwa, au kumchokoza kwa fimbo, ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hajui kuchagua. Humuuma mwizi, humuuma na shangazi aliyekuja kukutembelea. Kumtesa mnyama ni kosa pia, kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mlinzi mzuri ni yule anayewajua watu wa nyumbani. Basi kati ya juma la tatu na juma la kumi na nne mwoneshe mambo mengi kwa upole: wazee, watoto, mtu mwenye baiskeli, pikipiki, ng'ombe wa kukokota plau, kuku na vifaranga vyao. Mbele ya kuku mshike kwa kamba, na akitulia mpe kitu kidogo. Akifika umri wa kubweka, atabweka kwa ageni lolote usiku bila kufundishwa na mtu.

(Hapa somo litatua kidogo. Msomaji wa darasa asome kwa sauti maneno haya, na wengine warudie: chanjo, minyoo, kichaa cha mbwa, mate, jeraha.)

Sasa twaingia katika jambo kubwa la somo letu, nalo ni magonjwa.

Minyoo kwanza. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo tayari, hutoka kwa mama. Dawa hutolewa tangu majuma mawili, na hurudiwa kila baada ya majuma mawili mpaka miezi mitatu. Mwulize bwana mifugo kipimo. Minyoo mingine huwapata watoto wetu wachezao katika udongo, kwa hiyo zoa mavi ya mbwa ukayafukie. Kupe na viroboto vilevile uviangalie, ila usimwogeshe mtoto wa mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe kwa kubahatisha. Kipimo cha ng'ombe chaweza kumwua.

Kuna na ugonjwa uitwao distempa: macho na pua hutoa usaha, mbwa hukohoa, mwishowe hutetemeka. Ugonjwa huo haushiki watu, lakini mwaka 1994 ulitoka kwa mbwa ukawaingia simba wa Serengeti, na yapata theluthi moja ya simba wakafa. Ona basi, mbwa wa kijijini asiyechanjwa aweza kumwua simba porini.

Lakini mkuu wa magonjwa yote ni kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama washukiwao kuwa nao, wapatao wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mdudu wa ugonjwa huu hukaa katika mate. Huingia kwa kuuma, au mbwa akilamba jeraha, au kwa mkwaruzo. Hata mtoto mdogo wa mbwa aweza kuwa nao, na hapo ndipo wengi hudanganyika, maana nani amwogopa kitoto kilichomparua kidole?

Dalili zake ni hizi. Mbwa mpole awa mkali ghafula, au mkali awa mnyonge. Hutafuna vijiti na mawe, sauti hubadilika, mate hutiririka, hawezi kumeza. Ukiona mbwa kama amekwamwa na mfupa kooni, usitie mkono kinywani mwake! Yawezekana si mfupa.

Mtu akiumwa, afanye nini? Mara hiyo hiyo aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Si dakika mbili, tazama saa. Kisha aende hospitali au kituo cha afya siku ile ile apate sindano, na azimalize zote kwa tarehe alizoandikiwa. Asipake pilipili, wala mafuta ya taa, wala asingoje kuona kama ataugua. Dalili huja mara nyingi baada ya miezi miwili au mitatu, na zikishaonekana, karibu kila mgonjwa hufa. Wengine husema mgonjwa amerogwa, wakampeleka huku na huku siku zikapita. Jina la Sumbawanga watu wengi hulieleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Basi katika jambo hili tuutupe kweli, twende kwa mganga wa hospitali.

Sindano hizo zilianza zamani. Mwaka 1885 huko Ufaransa mtaalamu Louis Pasteur alimchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule hakuugua. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba, 1895, na tarehe hiyo sasa ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mara nyingine chanjo za mbwa hutolewa mitaani karibu na siku hiyo, bila malipo, basi sikilizeni matangazo.

Mtoto wako wa mbwa achanjwe akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Wachanjaji wakija mtaani naye bado mdogo, mpeleke tu, nao watakuambia lini arudie. Chanjo ya mbwa mmoja ni nafuu sana kuliko sindano za mtu mmoja aliyeumwa. Wataalamu wamesema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Na kama hutaki jike lako lizae kila mara, watoto wakatupwa jalalani, mwulize bwana mifugo habari ya kumhasi.

Mbwa akichanjwa utapewa cheti. Zamani ulikipokea ukakitia mfukoni bila kujua kimeandikwa nini. Leo waweza kukisoma mwenyewe. Kazi ya darasa basi ni hii. Katika daftari lako piga mistari, uandike: Jina la mwenye mbwa. Jina la mbwa. Tarehe ya kuzaliwa. Tarehe ya dawa ya minyoo. Tarehe ya chanjo. Tarehe ya kurudia. Asiye na mbwa aandike habari za mbwa wa jirani, baada ya kumwuliza.

Kisha fanyeni hesabu hii pamoja: mtaa una mbwa 40. Ili wawe 70 katika kila 100, mbwa wangapi wachanjwe? Mkipata jibu, hesabuni mbwa wa mtaa wenu wenyewe, mmoja mmoja, pamoja na wale wasio na mwenyewe, mkapeleke hesabu hiyo kwa bwana mifugo wa kata.