Ngozi Huvutika, Kovu Halivutiki: Mambo ya Kujua Kabla ya Operesheni ya Mtu Aliyeungua



Vikundi vyetu vingi vimewahi kufanya harambee kwa ajili ya mtoto aliyeungua. Pesa zinapatikana, mtoto anapelekwa hospitali, anafanyiwa operesheni, anarudi mkono umenyooka na kila mtu anafurahi. Baada ya miezi sita mkono umeanza kukunjika tena. Hapo maneno huanza: eti daktari hakujua kazi, eti pesa zililiwa, eti kuna mkono wa mtu. Mara nyingi hakuna lolote kati ya hayo. Jambo lenyewe liko kwenye ngozi, na kikundi kikilielewa kitapanga pesa zake kwa njia tofauti.

Kwanza hilo jina. Wengi wakisikia "upasuaji wa plastiki" hufikiri kwamba mtu anatiwa plastiki, ile ya ndoo na beseni. Sivyo. Neno hili asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga, kama vile mama anavyofinyanga chungu. Ni upasuaji wa kurekebisha umbo. Picha za matajiri wa ng'ambo wanaovutwa uso ili waonekane vijana zimetufanya tudhani hiyo ndiyo kazi yote. Kwetu sisi kazi iliyo nyingi ni ya majeraha ya moto, midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, na vidonda vya ajali. Tena si kazi ngeni nchini. Madaktari watatu walioanzisha AMREF mwaka wa 1957, yaani Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, wote walikuwa wapasuaji wa aina hii. McIndoe alikuwa amejipatia jina kwa kuwatengeneza upya marubani walioungua uso na mikono katika Vita vya Pili vya Dunia.

LASTIKI ILIYO NDANI YA NGOZI

Jifinye ngozi ya nyuma ya kiganja, uivute juu, kisha uiachilie. Ya mtoto inarudi mara moja. Ya nyanya wa miaka sabini inabaki imesimama kidogo kabla ya kulala. Kipimo hiki kidogo ndicho daktari naye huanza nacho.

Chini ya ngozi nyembamba ya juu kuna tabaka nene, na ndani yake mna nyuzi za aina mbili. Kolajeni ndiyo yenye nguvu, kama kamba ya katani: haivutiki sana lakini haikatiki ovyo. Elastini ni kama lastiki ya sketi: inavutwa na kurudi. Zikiwa pamoja, zimepangwa vizuri, unaweza kukunja kiwiko mara elfu kwa siku bila ngozi kuchanika. Shida ni kwamba elastini karibu yote mwili huitengeneza mtoto akiwa tumboni na katika utoto. Ukishakuwa mtu mzima hutengenezi nyingine ya maana. Jua, sigara na miaka huimaliza polepole, na isiporudishwa ngozi hulegea.

Moto ukichoma ngozi ya juu tu, inaota tena vizuri. Ukifika ndani ya lile tabaka nene, mwili huziba tundu kwa kovu. Kovu ni kolajeni nyingi iliyorundikwa kwa haraka, bila mpango na karibu bila elastini. Ni kama kutia kiraka cha gunia kwenye sweta ya shule. Na gunia lenyewe heri, maana hukaa mahali pake. Kovu changa halitulii. Ndani yake mna chembechembe zenye nguvu ya kuvuta kama misuli, nazo huvuta kingo za kidonda zikaribiane. Mgongoni au tumboni jambo hili ni la msaada, kwa sababu ngozi ya pembeni imelegea, inakubali kusogea, na kidonda kinakuwa kidogo. Lakini kwenye kiwiko, kwapa, goti, shingo na vidole, kitakachosogea ni kiungo. Ndipo unaona kidevu kimeshikana na kifua, au vidole vimekunjika ndani ya kiganja kama mtu aliyeshika sarafu.

Kwa mtoto kuna la ziada. Mifupa inakua, kovu halikui kwa mwendo huo. Mtoto aliyenyooshwa mkono akiwa na miaka minne huenda akahitaji operesheni tena akifika miaka kumi, hata kama ile ya kwanza ilifanywa vizuri kabisa. Mzazi aambiwe hivyo mapema.

Na wale wanaoshauri "tungoje akue kwanza"? Mimi siungi mkono ushauri huo pale kiungo kinapozidi kukunjika. Kikikaa hivyo miaka mingi, hata vilivyo ndani hufupika: kano, mishipa ya fahamu, mishipa ya damu. Daktari anaweza kukata kovu kwa muda mfupi, lakini hawezi kuvuta mshipa wa damu kwa nguvu. Akilazimisha, vidole vinaweza kukosa damu na kufa. Kwa hivyo atanyoosha nusu, au kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na jamaa watadhani ameshindwa.

DAKTARI HUKOPA NGOZI WAPI?

Fundi wa cherehani kitambaa kikipungua huenda dukani. Daktari wa upasuaji hana duka. Ngozi ya mtu mwingine mwili huikataa baada ya muda, hivyo lazima amkope mgonjwa huyo huyo. Ndiyo maana anamfinyafinya kila mahali kabla ya operesheni: anatafuta palipolegea.

Kama kovu ni jembamba kama kamba, na ngozi ya kila upande ni nzima, anaweza kulikata kwa umbo la herufi Z na kuzibadilishana nafasi zile pembe tatu mbili. Hakuna ngozi mpya iliyoletwa. Ulegevu wa pembeni umegeuzwa kuwa urefu, na upana umepungua. Pembe zikiwa za nyuzi 60, kwa hesabu ya karatasi urefu huongezeka kama asilimia 75. Katika mwili hupungua kidogo, kwa kuwa ngozi si karatasi. Lakini pembeni nako kukiwa kumeungua, hakuna ulegevu wa kukopa, na njia hii haifai.

Hata mahali pa kupitisha kisu pana mpango wake. Mwaka wa 1861, Karl Langer, daktari wa Vienna, alitoboa matundu ya mviringo kwenye ngozi za maiti akaona yanageuka kuwa marefu kama matundu ya vifungo. Aligundua hivyo kwamba ngozi huvutwa zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Mpaka leo daktari akiweza hukata kwa kufuata mikunjo, kwa mfano ile ya paji la uso, ili kidonda kisivutwe na kovu liwe jembamba.

Kovu likiwa pana, inabidi kupandikiza. Hapa ndipo wanakikundi wanapaswa kuelewa vizuri, kwa sababu kuna ngozi ya aina mbili. Ya kwanza ni nyembamba, inachunwa pajani kwa wembe maalum. Paja linapona lenyewe, kwa kawaida katika wiki mbili hivi. Ngozi hii hushika kwa urahisi na inaweza kufunika eneo kubwa, lakini imebeba sehemu ndogo tu ya lile tabaka lenye lastiki, kwa hiyo itajikunja kwa miezi. Ya pili ni nene, imekatwa na tabaka lote, kutoka kinenani, nyuma ya sikio au juu ya mtulinga. Hii ikikatwa tu inajikunyata papo hapo, kama lastiki iliyokatwa, lakini ikishonwa na kushika haijikunji sana baadaye. Ndiyo inayopendelewa usoni na viganjani. Basi kwa nini isitumike kila mahali? Kwa sababu mahali ilipotoka hapaoti tena ngozi, lazima pashonwe. Utapata kiasi kile tu ambacho kinena kinaweza kuachilia kikafungika.

Kuna pia kuhamisha kipande cha ngozi pamoja na mafuta na mishipa yake ya damu, hasa pale kano au mfupa umeachwa wazi. Na kuna njia ya kuweka puto chini ya ngozi nzima na kulijaza maji ya chumvi kila wiki, ngozi ya juu itanuke kama tumbo la mama mjamzito, kisha ile iliyoongezeka itumike. Ni njia nzuri, lakini inataka kwenda kliniki mara nyingi na puto huweza kuingia vijidudu. Kwa mtu anayeishi mbali na hospitali ningesita.

Utashangaa kwamba mzee mwenye makunyanzi mara nyingi hupata kovu zuri kuliko kijana. Ngozi yake imelegea, haivuti mshono. Ya kijana imekaza, na mwili wake hutengeneza kovu kwa bidii kupita kiasi. Lakini ulegevu huo huo ndio unaowaponza wanaofanya upasuaji wa urembo: ukinyonya mafuta tumboni na ngozi haina lastiki, itabaki inaning'inia.

Watu weusi tuna jambo letu pia. Kovu la wengine wetu huendelea kukua hata nje ya mpaka wa kidonda, likawa nundu ngumu inayowasha, hasa masikioni, kifuani na mabegani. Kulikata tu mara nyingi hulirudisha, na pengine kubwa kuliko la kwanza. Kama kuna mtu wa namna hiyo katika ukoo, mwambieni daktari kabla ya kisu kuguswa.

PESA ZA HARAMBEE ZISIISHE SIKU YA OPERESHENI

Ngozi iliyopandikizwa huanza bila mishipa yake ya damu. Kwa siku kama tano za kwanza isisogezwe wala bendeji isifunguliwe kwa udadisi. Daktari ndiye atakayesema. Ikishashika, mashindano yanaanza: kovu linavuta kukunja, sisi tunavuta kunyoosha, na mashindano hayo huendelea mwaka mmoja na zaidi. Silaha zetu ni gango la kushikilia kiungo, hasa usiku, mazoezi ya kila siku, kukanda kovu kwa mafuta mara ngozi ikishafunga, na pengine nguo ya kubana. Gango lililoachwa chini ya kitanda kwa sababu mtoto alilia, hilo ndilo lililorudisha mkono ule.

Kwa hivyo mweka hazina aandike pia nauli ya kurudi kliniki na kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, angalau ya miezi sita. Ulizeni kama familia imejiandikisha SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, na hospitali iwaambie ni nini kinacholipwa. Chakula nacho ni dawa. Mwili hauwezi kusuka kolajeni bila protini na vitamini C: maharagwe, mayai, omena, mapera, machungwa, sukuma wiki isiyopikwa sana. Mgonjwa anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla, kwa kuwa sigara hubana mishipa midogo inayolisha ngozi.

Lakini kazi iliyo rahisi kuliko zote ni ya siku ile ya kwanza. Mtu akiungua, mwagilia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika ishirini. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si yai. Kina cha jeraha ndicho kinachoamua kama kutakuwa na kovu, na maji hupunguza kina hicho. Kisha tazama anavyolala. Mkao usiomuuma ndio mkao atakaokunjika nao. Mtoto aliyeungua shingo atataka mto. Mwondolee, kidevu kiinuke. Aliyeungua kwapa, mkono ukae mbali na mwili. Kiwiko na goti vinyooke. Vidole vifungwe kimoja kimoja na bendeji ipite katikati, visije vikashikana. Mhudumu wa afya ya jamii au nesi wa zahanati awaonyeshe namna ya kufanya hivyo bila kuumiza.

Kuhusu wakati wa operesheni, kovu hulainika lenyewe kwa mwaka hivi, na daktari anaweza kusema mngoje. Mfuateni. Ila jicho lisilofungika halingoji, kwa sababu kioo chake hukauka na mtu anaweza kupofuka. Vilevile kovu la miaka mingi likifanya kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, msikifunge tu nyumbani kwa kitambaa na dawa ya duka. Kovu kuukuu huweza kugeuka saratani, na kipande kidogo kikipimwa mapema maabara, mguu au mkono unaweza kuokolewa.