Mpunga wa Mtu Haulali Bila Mwenyewe

Mavuno yanapoiva katikati ya mwaka, mpunga humiminika Mpanda, mkoani Katavi, kutoka Mwamkulu, kutoka Karema kando ya Ziwa Tanganyika na kutoka bonde la Mpimbwe huko kusini. Bei wakati huo huwa chini, kwa hiyo mkulima mwenye subira hauzi. Humwachia mwenye mashine ya kukoboa magunia yake yakae stoo hadi soko lichangamke. Mara nyingi hakuna karatasi inayoandikwa. Husemwa tu, "Tunaaminiana."

Kwa Mwislamu, neno hilo ni zito kuliko linavyotamkwa. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Imamu Shafi, na vitabu vyake vya fikihi vina mlango mzima wa mali iliyowekwa kwa mtu. Aliyeachiwa mpunga akiutunza inavyopasa, kisha moto ukauteketeza bila uzembe wake, hadaiwi kitu. Lakini akiuza magunia mawili kwa nia ya kuyarudisha, au akiuchanganya na wake hadi usitambulike, amekwisha kufanya hiana. Kuanzia hapo hasara yoyote ya alichokigusa ni juu yake, hata ikiletwa na jambo lisilo mikononi mwake.

Wapo wanaoona sheria hiyo kali. Mimi naiona ya huruma, kwa kuwa inamtazama mtu aliye mbali na stoo: mama wa Mpimbwe anayesubiri ada ya mtoto itoke kwenye mpunga ambao huenda umeshauzwa bila yeye kujua.

Mtume Muhammad (S.A.W.) aliitwa Al-Amin, yaani Mwaminifu, kabla ya kupewa utume. Mwaka 622 Makuraishi walipopanga kumuua, baadhi ya watu wa Makka, walioikataa dini yake, bado walikuwa wameweka mali zao kwake. Wanahistoria wa Sira wanaeleza kwamba alipohama kwenda Madina alimwacha Ali bin Abi Talib nyuma azirudishe kwa wenyewe. Angeweza kusema kwamba uadui wao umefuta haki yao, lakini hakusema. Na aya ya 58 ya Surat An-Nisaa inapoamuru amana zirudishwe kwa wenyewe, haiulizi dini ya mwenye mali. Katavi jambo hili lina uzito wa pekee. Hapa Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Wasukuma wanauziana mazao na familia za Katumba na Mishamo, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa wakimbizi kutoka Burundi, na wengi katika hao si Waislamu. Wote ni wenye haki sawa mbele ya mwenye stoo anayeswali.

Mzani nao ni amana. Surat Al-Mutaffifin inaanza kwa onyo kwa wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine. Lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima atoe zaidi na alipwe kwa gunia moja, ni upunjaji huohuo, na Wakala wa Vipimo unaupiga vita. Mkulima naye asijione yuko salama. Imamu Muslim amepokea habari ya Mtume kutia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni na kukuta limelowa ndani. Mwenyewe alisingizia mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke juu hiyo iliyolowa watu waione, kisha akajitenga na kila anayeghushi. Anayeficha mahindi mabichi katikati ya gunia aisome habari hiyo tena.

Kuhusu maandishi, tumezoea kuona kwamba anayedai karatasi anamtilia mwenzake shaka. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Surat Al-Baqara, inawaagiza waumini waandike madeni yao na waweke mashahidi. Ikiwa deni kati ya waumini linaandikwa, mpunga wa mwaka mzima una haki zaidi ya kuandikwa.

Maimamu wa Mpanda wanaweza kulianza hili katika hotuba za Ijumaa kabla ya mavuno yajayo. Kila stoo iwe na daftari la nakala mbili, moja ikae kwa mkulima. Liandikwe jina la mwenye mpunga, idadi ya magunia, uzito kwa mzani uliokaguliwa, tarehe na mashahidi wawili, pamoja na jina la ndugu wa kujulishwa endapo mwenye mpunga atafariki kabla bei haijapanda.