Kobe wa Ziwa Tanganyika hawahimili kuvuliwa kama ndakala

Wavu wa kutega uliolala majini usiku kucha haubagui. Hunasa samaki kama kuhe na mikeke, na mara nyingine hunasa kobe. Mnyama huyu hupumua kwa mapafu, hivyo akizuiwa kupanda juu ya maji hufa kwa kukosa hewa. Akikutwa hai, hugeuzwa chali ndani ya mtumbwi ili asitoroke, kisha huishia jikoni au mikononi mwa mnunuzi.

Mmoja wa kobe wa ziwa hili ni Pelusios sinuatus, mkubwa kuliko wote wa jamii yake. Gamba lake laweza kupita sentimita 40. Ukimgusa, sehemu ya mbele ya gamba la tumboni hujikunja na kuziba kichwa na mikono kama mlango wenye bawaba. Kinga hiyo humfaa mbele ya maadui wengi wa porini. Mbele ya kisu haina kazi. Akiwa hai, hula konokono, wadudu na mizoga, na hivyo husaidia kusafisha maji ya ufukweni, yale yale ambayo watu wa mji wa Baraka na vijiji vya rasi ya Ubwari, upande wa Kongo, huchota, huoga na kufulia.

Hatari kubwa imo katika hesabu ya uzazi. Ndakala, samaki wadogo wa ziwa hili, huishi mwaka mmoja hivi, huzaa kwa wingi, na hujaza ziwa upya hata baada ya kuvuliwa sana. Kobe huchukua miaka mingi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Jike hutoka majini, huchimba shimo mchangani na kufukia mayai kadhaa, ambayo kenge huyafukua mara kwa mara. Watoto wanaofikia utu uzima ni wachache, na ziwa hutegemea majike wakubwa wanaotaga mwaka baada ya mwaka. Ndio hao hao wanaotamaniwa kwa nyama, kwa kuwa ni wakubwa.

Wanaokula kobe wana sababu zao. Fizi, eneo lenye Baraka na Ubwari, imepitia vita tangu miaka ya 1990, watu wamehama makwao na kupoteza mashamba, na tangu 2015 eneo hilo limewapokea wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lusenda. Mama mwenye watoto wa kulisha hawezi kulaumiwa kwa kupika kilichoingia wavuni. Hali hubadilika pale mnunuzi anapoanza kuagiza, na mvuvi akaanza kuwatafuta kobe aliokuwa akiwapata kwa bahati. Ukubwa ambao biashara ya kobe inaweza kufikia ulionekana Madagaska: Aprili 2018, kobe wa nchi kavu wapatao 10,000 walikutwa wamerundikwa katika nyumba moja mjini Toliara. Duniani kuna aina 360 hivi za kobe na kasa, na zaidi ya nusu zimo hatarini kutoweka.

Kongo ilijiunga na mkataba wa CITES mwaka 1976, na sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inahusu uhifadhi wa viumbe. Mwaka 2016, mkutano wa CITES mjini Johannesburg uliongeza ulinzi wa kobe wa gamba laini wa Afrika, akiwemo anayepatikana katika bonde la mto Kongo. Lakini CITES husimamia biashara inayovuka mipaka. Kobe anayetoka mwaloni kwenda sufuriani Baraka haguswi nayo, na ziwa lenye nchi nne ni gumu kulilinda usiku.

Kwa hiyo ulinzi unaowezekana upesi uko mikononi mwa komite za wavuvi. Ziwa tayari hupumzishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Kusini mwa Afrika, Pelusios sinuatus hutaga kati ya Oktoba na Januari, nje kabisa ya miezi hiyo. Komite ikichunguza majike wa Fizi hutoka majini lini, inaweza kuweka wakati ambao fukwe za kutagia hazifukuliwi, na kukubaliana na wavuvi kwamba kobe mkubwa aliyenaswa akiwa hai arudishwe majini pale pale, kabla mtumbwi haujafika kwa wanunuzi.