Kikombe cha Hedhi Hakitaki Dettol

Kuna swali moja ambalo kila anayeshughulika na afya ya wanawake ameshalijibu mpaka amechoka: kikombe cha hedhi kilowekwe kwenye dawa gani? Muulizaji mara nyingi keshaamua kwamba lazima iwepo dawa. Kilichobaki kwake ni kujua kama atie kifuniko kimoja cha Dettol au viwili. Jibu ni kwamba asitie hata kimoja. Wala asitie Jik, siki, ndimu, shabu, wala chumvi ya mawe aliyoelekezwa na shoga yake. Kikombe kinatakiwa kiwe safi, basi. Hakitakiwi kifanywe kama kisu cha upasuaji, kwa sababu mahali kinapokwenda kuwekwa pamejaa bakteria tangu zamani, na wengi wao ni walinzi.

Hebu tuitazame hiyo Dettol yenyewe. Ukiimimina kwenye maji, maji hugeuka meupe kama tui. Weupe ule ni mafuta ya msonobari pamoja na kiini chake, kloroksilenoli, vitu ambavyo haviyeyuki vizuri majini, kwa hiyo vimetawanyika matone madogo madogo. Silikoni, ambayo ndiyo hutengenezwa kikombe, nayo inayakataa maji lakini mafuta na manukato inayakaribisha. Ndiyo sababu kikombe kilicholala ndani ya Dettol usiku kucha kinaweza kuendelea kunukia hata baada ya kusuuzwa mara tano, na wenyewe tunaifurahia harufu hiyo tukidhani ni ya usafi. Ile ni dawa iliyobaki. Inakwenda kukaa ukeni saa nyingi mfululizo, ikigusa utando laini ambao hauna ngozi ngumu ya kuukinga. Humo wanaishi bakteria waitwao laktobasili, wanaotengeneza asidi inayowazuia wavamizi kustawi. Dawa ya kuua vijidudu haiulizi nani mwenyeji, nani mgeni. Laktobasili wakipungua, bakteria wengine huchukua nafasi, kisha unatoka ute wa kijivujivu wenye harufu kama ya samaki. Mwenye kikombe anainusa, anasema kikombe changu hakijatakata, anaongeza kifuniko cha pili. Ugonjwa unatibiwa kwa kile kile kilichouleta. Jik ina ubaya wa ziada: klorini yake huunguza utando na huichakaza silikoni yenyewe.

Imani hii inasimama juu ya dhana kwamba damu ya hedhi ni uchafu wenye sumu, na kwamba kikombe huvuta vijidudu kutoka humo. Ushahidi hauoneshi hivyo. Katika shule za msingi za Siaya, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwapa wasichana vikombe, wengine wakawapa sodo, na wengine wakaendelea na walichozoea, katika mazingira ambamo maji na sabuni havipatikani kila saa. Vikombe vilivyotumika vilipopimwa maabara, vingine vilikutwa na E. koli, na zaidi vya wasichana ambao walikuwa hawajavitumia kwa muda mrefu. E. koli ni bakteria wa kinyesi. Hatoki kwenye mji wa mimba. Anabebwa na vidole vilivyotoka chooni. Waliokwisha kuzoea kukiingiza na kukitoa bila kuhangaika walikuwa nao wachache. Kwa hiyo kama kuna kitu cha kupakwa sabuni kwa bidii, ni mikono, kabla ya kukigusa kikombe. Mapitio ya tafiti 43 yaliyochapishwa kwenye jarida la Lancet Public Health mwaka 2019, yenye washiriki 3,319, nayo yalikiona kikombe kuwa njia salama.

Najua nitaletewa utafiti wa Lyon, Ufaransa, wa mwaka 2018, ulioonesha kwamba bakteria aina ya stafilokoki wanaweza kukua na kutoa sumu ndani ya kikombe, na kuganda ukutani mwake hata kikishaoshwa kwa maji. Ni utafiti wa maabara, lakini si wa kupuuzwa. Usomeni basi mpaka mwisho: watafiti hao walishauri kuwa na kikombe cha pili, au kukichemsha kabla ya kukirudisha. Hawakusema kilowekwe kwenye dawa. Wengine watasema hospitali mbona wanaloweka vifaa? Wanaloweka kwa vipimo maalumu, na baada ya hapo vifaa vya upasuaji hupitishwa kwenye mvuke wa nyuzi joto 121. Kinachomaliza kazi ni joto. Hata Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, stafilokoki na E. koli hawatoki salama ndani ya sufuria.

Haya, ya kufanya. Nawa mikono, toa, mwaga, suuza kwa maji baridi kwanza, maana ya moto hugandisha damu na kuacha doa. Sabuni ikiwepo iwe ya kawaida isiyo na manukato, na isuuzwe yote. Vitundu vidogo karibu na ukingo huziba: jaza maji, funika mdomo kwa kiganja, bonyeza, maji yatachuruzika yakivizibua. Kabla ya kila hedhi kichemshe dakika tano hadi kumi kwenye sufuria yake, maji yakifunike, usikiache kilale chini wala usiondoke jikoni. Vikombe vingi hufa kwa kuungua. Ukiwa mahali pasipo maji, kipanguse kwa tishu safi, utakiosha ukifika nyumbani. Kihifadhi kikavu kwenye mfuko wa kitambaa, si kopo lililofungwa. Madoa ya manjano si uchafu, yaache. Kikinata, kikichanika au kikitoa ungaunga, tupa. Kikidumbukia kwenye choo cha shimo, kimekwenda. Mwenye kitanzi cha kuzuia mimba aongee kwanza na mhudumu wake, na asikivute kikombe kabla ya kukibana kitako ili kiachie.

Usikiache ndani zaidi ya saa 12. Ugonjwa unaotokana na sumu ya stafilokoki ni nadra sana kwa watumiaji wa kikombe. Mapitio yale ya 2019 yalikuta visa vitano vilivyoripotiwa. Lakini ukipata homa kali ya ghafla, kutapika, kizunguzungu na vipele kama vya kuungua na jua, toa kikombe, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mwambie daktari kwamba ulikuwa umekivaa. Wengi wanaona haya kulisema hilo, na daktari hawezi kuliotea.