Mchoraji wa Nchi ya Mawe Meusi

Wanavyuoni wa Kiislamu wa zamani, waliosoma elimu ya nchi na bahari, walivijua visiwa fulani vilivyo ng'ambo ya Maghrib katika bahari kuu ya Atlantiki, wakaviita Al-Jazair al-Khalidat, yaani Visiwa vya Milele. Kwao huko ndiko ulimwengu uliokaliwa ulikokoma, na baadhi yao walianzia huko kuhesabu mistari ya longitudo. Siku hizi visiwa hivyo vyaitwa Canary, navyo vi chini ya Uhispania. Kimoja katika hivyo, kilichoko upande wa mashariki, ni Lanzarote. Kutoka hapo hadi pwani ya Afrika ni kiasi cha kilomita 125 tu. Mtu tunayetaka kumzungumzia leo alizaliwa kisiwani humo tarehe 24 Aprili, 1919, katika mji wa bandari wa Arrecife. Jina lake ni César Manrique.

Lakini yafaa msomaji aijue kwanza nchi yenyewe, kwani bila ya nchi ile mtu huyu hafahamiki.

Usiku wa tarehe 1 Septemba, 1730, ardhi ya Lanzarote ilipasuka. Moto ukatoka chini, na mawe yaliyoyeyuka yakamiminika kama uji, yakafunika vijiji na mashamba yaliyokuwa na rutuba kuliko yote kisiwani. Padri wa kijiji cha Yaiza aliyaandika aliyoyaona. Milipuko ile, mara ikizidi nguvu na mara ikipungua, haikukoma hata mwaka 1736, na ilipokoma karibu robo ya kisiwa ilikuwa imekwisha kuwa jangwa jeusi la mawe makali. Wengi walihama. Waliobaki waligundua jambo ambalo hapana aliyelitazamia: mahali ambapo changarawe nyeusi za volkano zimefunika udongo wa zamani kwa kiasi cha haba, mimea hustawi! Changarawe zile, ambazo wenyeji huziita picón, hunyonya umande wa usiku na kuuzuia unyevu usikaushwe na jua. Katika nchi isiyopata mvua hata milimita 200 kwa mwaka, hiyo ilikuwa ni riziki. Basi wakulima wa bonde la La Geria wakachimba mashimo makubwa katika changarawe, kila shimo mzabibu mmoja, na kila mzabibu ukajengewa ukuta mdogo wa mawe wa mviringo kuukinga na upepo. (Sehemu kubwa ya zabibu hizo huishia katika mvinyo, jambo ambalo sisi halituhusu, lakini kazi ya mikono ile ni ya kustahiwa.) Kwa njia hiyo hiyo hulimwa vitunguu, viazi vitamu na matikiti.

Maji ya kunywa yalikuwa taabu kubwa zaidi. Kila nyumba ilikinga mvua juu ya dari na uani, ikayaongoza maji mpaka katika birika lililochimbwa chini ya ardhi. Birika hilo wenyeji huliita aljibe. Msomaji anayesoma Kurani atalitambua neno hilo mara moja, kwani si jingine ila al-jubb, kile kisima ambamo nduguze Nabii Yusufu walimtupa. Neno limebaki ijapokuwa waliolileta wamekwisha kusahauliwa. Na wako Waislamu waliofika Lanzarote bila ya hiari yao: katika karne ya 16 mabwana wa kisiwa walivuka bahari, wakateka watu wa pwani ya Afrika, wakawaleta kulima na kuchunga, na wakabatizwa. Nao maharamia wa Algiers walilipa kisasi. Mwaka 1618 walichukua mamia ya watu wa kisiwa, wengi wao wakiwa wamejificha mapangoni. Ndiyo hali ya bahari ile, na dhuluma haikuwa ya upande mmoja.

Katika nchi hiyo ndimo alimokulia Manrique. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, naye aliijengea jamaa yake nyumba ufukoni Famara, chini ya genge refu, ambako kijana huyu alizoea kutazama genge likijionyesha ndani ya maji yaliyobaki mchangani wakati wa kupwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Uhispania mwaka 1936, alikwenda vitani kwa hiari yake, upande wa Jenerali Franco, akiwa na umri wa miaka 17. Aliporejea mwaka 1939 alipanda juu ya dari ya nyumba yao, akazivua nguo zake za askari, akazichoma moto. Inasemekana kwamba baada ya siku hiyo hakupenda kabisa kuvitaja vita vile.

Alitumwa chuo kikuu cha La Laguna, katika kisiwa cha Tenerife, ajifunze usanifu wa majengo. Huko alikaa miaka miwili tu. Alijifunza kupima, kuchora ramani za majumba na kufahamu uzito wa ukuta. Kisha akaiacha elimu hiyo, na mwaka 1945 akaenda Madrid kusomea uchoraji wa picha. Wazee wengi wangeona kijana ameacha kazi yenye mkate akafuata upepo, na sijui kama mimi ningekuwa baba yake ningesema neno jingine.

Mwanzoni alichora wavuvi na wakulima wa kwao kama kila mchoraji wa pale. Tangu kati ya miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Katika picha zake za wakati huo hamna watu, wala nyumba, wala miti. Mtazamaji huona uso mnene ulioinuka, wenye mikwaruzo na nyufa, weusi wa makaa, rangi ya kutu, rangi ya udongo uliochomwa, na pengine mstari mwekundu kama moto ulio chini ya ganda. Hakuridhika na rangi peke yake. Alitia vitu vizito vilivyoipa picha mwili, hata mkono watamani kuigusa. Msomaji aliyezoea kuta zetu zisizo na sanamu hatapata shida na kazi hizi. Mchoraji hakuiga sura ya mlima. Aliifanya picha jinsi mlima ulivyofanywa, kwa kumimina, kukausha na kupasua.

Sifa ikampata. Kazi zake zilionyeshwa Venice katika miaka ya 1950 na tena mwaka 1960. Mwaka 1963 alifiwa na mwenzi wake, Pepi Gómez, akahuzunika sana, na mwaka uliofuata akahamia New York. Huko alipata wanunuzi wakubwa na nyumba ya maonyesho. Walakini barua zake za wakati huo zaonyesha mtu aliyechoka na mji wa saruji na vioo, mwenye hamu ya kuikanyaga ardhi. Mwaka 1966 alirudi Lanzarote asihame tena.

Hapa ndipo elimu mbili zilipokutana, ile aliyoiacha na ile aliyoifuata. Siku moja, katika uwanda wa mawe ya volkano huko Tahíche, aliona kilele cha mtini kikichungulia kijani katikati ya weusi mtupu. Akashuka pale ulipoota, akakuta uwazi mkubwa chini ya ardhi: kiputo cha hewa kilichobaki ndani ya mawe yaliyoyeyuka wakati wa moto ule wa karne ya 18. Hapana aliyeitaka ardhi ile, kwani haikufaa kwa kulima wala kwa kuchunga. Manrique akajenga nyumba yake hapo mwaka 1968. Juu ni nyumba nyeupe ya chokaa, kwa mtindo wa nyumba za wakulima wa kisiwa. Chini ni viputo vitano vya volkano vilivyounganishwa kwa njia nyembamba zilizochongwa katika mwamba, kila kimoja kikawa chumba. Katika dirisha moja la juu, mto wa mawe meusi umeachwa uingie mpaka sakafuni, kana kwamba kioo hakikuweza kuuzuia.

Rafiki yake wa utotoni, José Ramírez, alikuwa mkuu wa baraza la kisiwa tangu mwaka 1960 hata 1974. Kwa msaada wake, na pamoja na fundi hodari Jesús Soto na wenzake wengine, kazi kubwa zilifanyika. Katika Jameos del Agua, pango refu lililochimbwa na moto wa mlima La Corona mpaka chini ya bahari, walisafisha takataka, wakajenga ngazi na bustani, lakini ziwa la ndani wakaliacha kama lilivyo, maana humo huishi kaa wadogo weupe wasioona, wenye urefu upatao sentimita moja. Mirador del Río, iliyokamilika mwaka 1973, ni jengo lililofichwa ndani ya genge. Mtu husimama mbele ya kioo, bahari iko mita zaidi ya 400 chini yake, na akiwa nje jengo halioni. Na mwaka 1990, huko Guatiza, shimo walimochota changarawe na kulitelekeza lilifanywa bustani ya mipungate na jamii zake nyingi, katikati ya mashamba ambamo mipungate hupandwa ili kulea wadudu watoao rangi nyekundu.

Kazi aliyoifanya bila ya ujira pengine ndiyo kubwa kuliko zote. Alizunguka vijijini, akaongea na wenye nyumba, akiwasihi wasizibomoe za zamani, wasiweke milango ya chuma, wazidi kupaka chokaa nyeupe. Mwaka 1974 alitoa kitabu cha picha za nyumba hizo, pamoja na mabomba yake ya moshi, mabirika yake na nyua zake, akiwaonyesha wenyewe uzuri ambao wao waliuona kuwa alama ya ufukara. Sisi wa pwani, tuliokwisha kuona nyumba za mawe na boriti zikiangushwa ili pajengwe za matofali na mabati, twalifahamu jambo hilo bila ya kuelezwa. Alichukia pia mbao za matangazo kando ya barabara, na mpaka leo ni nadra kuziona kisiwani.

Hata hivyo, haki yataka tuseme na upande wa pili. Manrique mwenyewe alitaka wageni waje. Mabaki ya moto yalikuwa hayalishi watu vya kutosha, na mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, iliyoanza kati ya miaka ya 1960, ilifungua mlango uliokuwa umefungwa tangu zamani. Yeye alisaidia kutengeneza bustani za hoteli kubwa ya Costa Teguise, iliyofunguliwa mwaka 1977. Aliamini kwamba wageni wachache, katika nyumba fupi nyeupe, wangeilisha nchi bila ya kuila. Wageni waliupenda uzuri ule, na kwa kuwa waliupenda walikuja wengi. Na kwa kuwa walikuja wengi, wenye fedha walinunua fukwe. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa akiandika, akihutubia na kusimama pwani pamoja na vijana kupinga mahoteli aliyokuwa ameyatayarishia njia. Wengine walimcheka kwa hilo. Mimi naona ni afadhali mtu anayeligeukia kosa lake hadharani.

Mwezi Machi, 1992, nyumba ya Tahíche ilifunguliwa kuwa makao ya wakfu wenye jina lake. Tarehe 25 Septemba ya mwaka huo huo, akitoka hapo, motokaa yake iligongwa njia panda iliyo karibu, akafa, umri wake miaka 73. Mwaka uliofuata UNESCO ilikiweka kisiwa chote katika hifadhi zake za viumbe na mazingira. Wakfu umeendelea kushitaki, na mahakama imefuta vibali vya mahoteli kadhaa. Mengi katika hayo yalikuwa yamekwisha kujengwa.

Leo kisiwa chenye wakazi zaidi ya 150,000 hupokea wageni zaidi ya milioni 3 kwa mwaka, na uwanja wa ndege wanaoshukia una jina la mchoraji. Tarehe 20 Aprili, 2024, watu waliandamana katika visiwa vya Canary, na Lanzarote nako walitoka. Katika malalamiko yao lilikuwamo hili, kwamba vijana waliozaliwa huko hawapati tena nyumba ya kupanga, kwa kuwa nyumba hukodishwa kwa wageni.